Mzee wa Mitalawanda

Wachezaji wa michezo ya kupigana katika runinga humwita mshindani wa mwisho kwa jina la bosi. Kazi yake ni kungoja. Wengine wote hushindwa mmoja mmoja mbele yake, naye hukaa mwishoni na nguvu zisizo za haki, ili ushindi upate thamani. Akishaanguka, desturi yataka asionekane tena. Walakini wako wachache wasiokubali kuzikwa, na katika hao simjui ye yote aliye mkaidi kuliko Heihachi Mishima, mzee wa mchezo wa Tekken.

Yamkini msomaji atashangaa kuona mwalimu wa fasihi akishughulika na mambo haya. Mimi sioni ajabu. Kilwa Masoko, nilikozaliwa, yako mabanda ambamo watoto hulipa sarafu chache ili wacheze, na mazungumzo niliyoyasikia humo juu ya nasaba ya Heihachi yalikuwa ya makini kuliko baadhi ya semina nilizohudhuria.

Tekken, ambayo kwa Kijapani maana yake ni ngumi ya chuma, ilitolewa na kampuni ya Namco mwaka 1994, na Heihachi ndiye aliyekuwa bosi wake wa kwanza: upara katikati ya kichwa, vishungi viwili vya nywele pembeni, na miguuni mitalawanda ya Kijapani. Alimtupa gengeni mwanawe Kazuya, mtoto wa miaka mitano, ati apime nguvu zake. Kazuya akaishi, akakua, akamshinda baba, akamtupa katika genge lile lile. Hapo hadithi ingekwisha. Katika toleo la pili, la mwaka 1995, baba alirudi akamtia mwana katika kinywa cha volkano. Toleo la tatu, la mwaka 1997, lilimpa nafasi ya mwisho kiumbe aitwaye Ogre, yaani zimwi. La nne, mwaka 2001, mzee akaitwaa tena. Daisuke Gori, aliyempa sauti kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2010, na sauti ikapata mrithi. Katika la saba, lililofika majumbani mwaka 2017, mwanawe alimtosa katika moto wa volkano, watu wakaamini. La nane lilitoka Januari 2024 bila yeye, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerejea.

Wenzangu husema siri ni biashara: sura iuzayo haiuawi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Zimwi wa ngano hutoka msituni. Akishauawa hupasuliwa kidole, na aliowameza hutoka wazima, watu wakaenda zao. Adui wa nje ana mpaka. Khabari za kale za Kilwa zasimulia juu ya mtawala aliyeuza kisiwa kwa nguo za kukizunguka, kisha akakusudia kurudi maji yakupwapo ili akinyakue. Mnunuzi akachimba mkondo, bahari ikamaliza shauri.

Nunda hazuiliwi na mkondo. Katika ngano ya Sultani Majnuni, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, nunda alikuwa paka wa nyumbani. Alikula ndama, sultani akanyamaza, kwa kuwa ndama ni wake na paka ni wake. Alikula mbuzi, akanyamaza. Mpaka paka akawala wana wa sultani mwenyewe. Mwana mdogo alipokwenda kumtafuta, alirudi na mnyama baada ya mnyama, mama akawa akimwambia kuwa siye. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tulipompata bosi wa mwisho kwa Kiswahili, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Namco. Heihachi ni nunda. Arudi kwa sababu yumo katika ukoo.

Nina mpwa wa miaka kumi na miwili, ambaye tangu dada yangu alipofariki amelelewa na babu yake, yaani baba yangu, mzee wa maneno machache na mkono mwepesi. Siku moja, macho yake yakiwa katika runinga, aliniuliza:

“Mjomba, ati huyu babu alimlea Jin miaka minne, kisha akampiga risasi ya kichwa. Alimlea kwa nini?”

Katika toleo la tatu ndivyo ilivyo: mjukuu alikuwa chambo cha kumnasia Ogre. Nilijua jibu la hadithi, lakini hakuwa akiuliza hadithi. Nilimwambia kuwa babu yake yeye alimchukua usiku wa msiba, kabla mtu ye yote hajauliza mtoto atakwenda kwa nani, wala hapakuwa na zimwi aliyekuwa akingojewa.

“Lakini hupiga,” akasema.

“Ndiyo, hupiga. Nitasema naye.”

Nilisema naye usiku ule barazani. Hakunijibu neno. Kesho yake, baada ya alasiri, alikuja mwenyewe bandani kumwita mjukuu, ilhali siku zote hutuma mtu. Alisimama mlangoni akamtazama Heihachi kwa muda mrefu.

“Mzee huyu apigana na mitalawanda?”

Mpwa wangu akamjibu kuwa ndivyo, na kwamba hafi. Baba akavuta benchi, akaketi kando yake, akauliza ni kitufe kipi cha teke.