Machela Si ya Mtu Mmoja

Ukitajiwa neno machela, bila shaka mawazo yako huenda hospitali. Wamwona mgonjwa amelazwa, watu wamemshika mbele na nyuma, nao wanakwenda mbio. Hujakosea. Lakini neno hilo lina maana nyingine pia: ni kitanda cha nguo au cha wavu, kinachofungwa ncha zake mbili na kutundikwa hewani. Wengine hukiita bembea. Neno lenyewe tulilipata kwa Wareno, na kitu chenyewe asili yake ni mbali. Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wamelala katika nyavu za namna hiyo. Wenye merikebu wakaiona faida yake, maana kitanda kama hiki hakimwangushi mtu chombo kinapoyumba, na asubuhi hukunjwa kikawekwa kando. Mwaka 1597 jeshi la majini la Uingereza likakikubali kwa mabaharia wake.

Huku kwetu machela ilikuja na sura nyingine. Wakubwa na wasafiri wa Kizungu walipochoka au kuugua, walitundikwa katika mti mmoja, na wachukuzi wakawabeba mabegani. Hata Dk. Livingstone, katika safari yake ya mwisho mwaka 1873, hakuweza tena kutembea. Watu wake, akina Susi na Chuma, walimbeba kitandani mpaka kijiji cha Chitambo, alikofia. Basi kitu hiki kimekuwa kitanda cha baharia, usafiri wa mkubwa, na msaada wa mgonjwa. Leo nataka tusemezane juu ya matumizi ya nne, yaani matembezi ya kikundi.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni daftari na barua, lakini nilisoma chuo cha ualimu, na tangu huko napenda kwenda matembezi pamoja na wenzangu. Mwaka jana, mwezi wa Septemba, tulikusudia kulala usiku mmoja katika Ghuba ya Chole, huko Mafia. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, aliponiona nikikunja machela akacheka, akasema, “Bwana karani, utalala mtini kama popo wa Chole, na nyumba unayo?” Alijua alilosema, kwani kisiwani Chole wako popo wakubwa walao matunda, na mchana kutwa huning'inia mitini kwa wingi.

Swali lake ni la haki, nami namjibu hivi. Wengi wetu tunaoishi pwani hatuijui pwani yetu. Ghuba ya Chole iko kusini mashariki ya kisiwa cha Mafia, nayo imekingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Kisiwani Juani yako magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliovunjwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska mapema katika karne ya 19. Chole yako majengo yaliyobomoka ya wakati wa Wajerumani, kabla makao ya serikali hayajahamia Kilindoni. Wageni husafiri maelfu ya kilomita kuja kuyatazama haya. Mtoto wetu aliyezaliwa Kilindoni, kilomita zisizozidi 20 kutoka hapo, aweza kumaliza shule asiyaone hata mara moja. Je, hilo si jambo la kusikitisha?

Tulikuwa watu 14: walimu, vijana wawili waliomaliza shule, muuza samaki mmoja, na mama mmoja mjane mwenye umri wa miaka zaidi ya hamsini. Kabla ya safari palizuka ubishi wa namna mbili. Kwanza, baadhi walisema mama yule atatuchelewesha, afadhali abaki. Pili, wale wenye vyombo vizuri vilivyonunuliwa Dar es Salaam walitaka kila mtu abebe vyake na ajitegemee. Asiye na machela akae nyumbani, walisema, au alale chini.

Tulikaa tukazungumza jioni nzima. Mwisho tukakubaliana kugawa vyombo mafungu mawili. Vya mtu binafsi ni machela, chandarua, shuka na kikombe. Vya wote ni maji, turubai, taa, sufuria, kamba za akiba, na mfuko wa dawa. Kila mmoja akapewa kitu kimoja cha wote cha kuchunga, na kila mmoja akachanga kwa uwezo wake. Wanne walikuwa na machela za dukani. Zilizobaki alizishona fundi cherehani, kwa nguo ya nailoni ngumu yenye urefu wa mita 3 na upana wa mita moja na nusu. Vijana wale wawili walishonewa kwa fedha za mchango. Na mama yule akaenda.

Sasa nikueleze namna ya kuitundika, maana kazi hii ina maarifa yake. Usifunge mti kwa kamba nyembamba, kwa kuwa hukata gome. Tumia mkanda mpana, kama ule wa kufungia mizigo ya lori. Usiivute machela ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Iache ilegee, mkanda ushuke kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Sababu yake ni hesabu tupu. Mtu wa kilo 70 akilala kwa pembe hiyo, kila mkanda huvutwa kwa uzito wa kilo 70. Pembe ikiwa nyuzi 10 tu, kila mkanda huvutwa kwa kilo 200 na kitu, na hapo ndipo mishono inapofumuka usiku. Kimo chake kiwe cha kiti, ili ukikatika usianguke mbali. Nawe ulale mshazari, si kufuata urefu wa nguo. Mgongo utanyooka wala hutapinda kama ndizi.

Uchague mti ulio hai, usiopungua unene wa paja. Mafia ni kisiwa cha minazi, na mnazi hukuvutia kwa kivuli chake, lakini nazi moja yaweza kuzidi kilo moja, na kuti kavu halipigi hodi. Usilale chini ya mnazi wenye nazi. Mikoko nayo iache: mizizi yake imo katika njia ya maji, tena inalindwa kwa sheria. Popo wa Chole waachie miti yao. Juu ya machela funga kamba moja, uitundikie chandarua na turubai. Chandarua si anasa, kwa maana malaria haijui kwamba umekuja matembezini. Na chini ya mgongo weka mkeka au blanketi, kwani upepo wa kusi hupita chini na baridi yake huingia mifupani.

Jambo jingine ni ruhusa. Tangu mwaka 1995 ghuba hii imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye eneo la kilomita za mraba 822, na ofisi yake iko Utende. Tulikwenda huko kwanza, kisha kwa wakubwa wa kijiji cha Juani. Tukaonyeshwa mahali pa kulala, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, na moto mmoja katikati.

Usiku ulikuwa mwema. Asubuhi, kiasi cha saa moja, kijana mmoja mwalimu, aliye hodari kutushinda sote, aliteleza akishuka mwamba wa matumbawe. Kifundo cha mguu kikapinda chini yake. Alipojaribu kusimama alipiga ukelele, na katika muda mfupi mguu ulikuwa umevimba kama mbatata.

Hapo yakupasa kujua habari za maji ya huko. Zilikuwa siku za bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yalikuwa yanapwa. Nahodha alikwisha kuipeleka mashua yake kwenye kilindi alfajiri, isije ikakwama. Kati yetu na mashua palikuwa na mchanga, tope, majani ya bahari na mawe, mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima wa miguu. Maji kamili yangerudi saa kumi alasiri. Kungoja kulikuwa kumwacha mwenzetu na maumivu hayo siku nzima.

Mama yule, ambaye watu walitaka abaki, ndiye aliyeanza kutenda wakati sisi tumeduwaa. Alikata mapongoo mawili ya kuti kavu, akayaweka huku na huku ya mguu, akafunga kwa kanga yake, si kwa kubana sana. Halafu akasema, “Wanangu, mnatazamana nini? Machela hizo kumi na nne ni za kulalia tu?”

Tulimpigia nahodha simu, naye akaja kwa miguu na pondo la mashua. Tukatandua machela mbili, tukaziweka moja ndani ya nyingine zipate nguvu, tukapitisha pondo katika vitanzi vya ncha zake. Kijana akalazwa. Wanne wakaingia chini ya pondo, wawili mbele na wawili nyuma, na kila baada ya hatua mia wakapokewa na wanne wengine. Wasiobeba walitangulia kupapasa njia kwa fimbo, wakionyesha mashimo na mawe yenye ncha. Mikanda ile mipana ndiyo tuliyoikunja kuwa pedi za mabega. Mwenye machela nzuri kuliko zote, ambaye zamani alisema kila mtu ajitegemee, ndiye aliyeitoa ya kwanza, nayo ikarudi imejaa tope. Sikumsikia akinung'unika.

Tulifika Utende, tukapata gari, na kabla ya adhuhuri kijana alikuwa hospitali Kilindoni. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika. Alifungwa plasta, na leo anatembea, ingawa mpira hajarudi kuucheza.

Nakuonya jambo moja, msomaji. Machela ya nguo yamfaa aliyeumia mguu. Aliyeumia mgongo au shingo asiwekwe humo, kwa kuwa nguo humpinda. Yeye huhitaji ubao ulionyooka, na asisogezwe ovyo ovyo.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya ubishi wetu wa kabla ya safari. Kama tungalikwenda kila mtu na lake, tungalikuwa na vitanda 14 vizuri na mtu mmoja amelala juu ya mwamba. Pondo lilikuwa la nahodha, kanga ya mjane, machela za watu wawili, na mabega yetu sote. Hakuna aliyekuwa na vyote. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tena nimeona kuwa hatuwezi kujua mapema nani atakuwa mzigo na nani atakuwa msaada. Sisi tulimhesabu mama kuwa mzigo, na kijana kuwa nguvu yetu.

Kwa hiyo, ninyi mnaopanga matembezi ya vijana, ya kwaya, ya walimu au ya jamaa, nawashauri hivi. Mkiandika orodha ya vyombo, msianze na swali la nani anacho nini. Ulizeni kwanza: mmoja wetu asipoweza kutembea, tutamtoaje? Jibu lake litawaambia mchukue kamba kiasi gani, mlale wapi, mashua ikae wapi, na saa za maji ni zipi, mkikumbuka kwamba husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku. Na wazee wenye nguvu ya kwenda, msiwaache nyumbani.

Jirani yangu niliporudi aliniuliza kama popo walinikaribisha. Nilimsimulia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe hajapata kufika Kua. Mwaka huu tumemwandikia nafasi, na fundi keshapima nguo.