Mpaka Ulipofungwa

Msafiri kafiri, walinena wahenga, na mwanafunzi aliyevuka mpaka kutafuta elimu ni msafiri wa aina yake. Hakwenda kutalii wala kuhamia. Amekwenda kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo hana hakika kama karo itapatikana, kama kibali cha ukaazi kitaongezwa kwa wakati, wala kama tasnifu itakubaliwa.

Ndivyo alivyokuwa binti mmoja wa Machakos aliyejiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2019 kusomea uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Kitu kimoja tu alikihesabu kuwa chake bila shaka, nacho ni lugha. Alikuwa amekifundisha Kiswahili shuleni kwa miaka mitatu. Juma la kwanza Mlimani alimwuliza mhudumu wa maktaba palipo na tarakilishi, naye mhudumu akamtazama kwa upole asielewe. Huko watu husema kompyuta. Kwa mama lishe alisema, "Nipe maji," akaona uso wa mama yule ukibadilika. Usiku, mwenzake wa chumbani, mzaliwa wa Songea, alimfumbua macho: "Dada, huku hatusemi nipe. Sema naomba. Na wazee uwaamkie shikamoo, usiwapite tu." Aliona haya kuliko mtoto wa darasa la kwanza.

Vyuo vilipofungwa katikati ya Machi 2020 kwa ajili ya korona, ilimbidi aamue kwa siku mbili: abaki katika bweni tupu na fedha za mwezi mmoja, au arejee kwa mamake mgonjwa wa kisukari. Alipanda basi pale Ubungo akiwa na mkoba mmoja. Vitabu vyote aliviacha, kwani serikali ilikuwa imetaja siku 30. Alipita Moshi, Arusha na Namanga, akafika nyumbani, akajitenga siku 14.

Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu wote isipokuwa madereva wa mizigo. Wapo wanaosema kuwa anayesoma nchi jirani hajaenda ng'ambo. Husema hivyo kwa kuwa mpaka haujapata kufungwa baina yao na vitabu vyao. Mamake hakusema hivyo. Alikumbuka mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka huo huo hadi 1983. "Mwanangu, hawa hufunga kwa miaka," alimwambia, na maneno hayo yakamkosesha usingizi.

Juni Mosi vyuo vya Tanzania vikafunguliwa. Wenzake walirudi darasani. Yeye alikuwa kiamboni akichuma maembe na kuhesabu siku. Kila alasiri Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza idadi ya wagonjwa wapya. Tanzania ilikuwa imekoma kutoa takwimu zilipofika 509. Mmoja alichoshwa na tarakimu, mwenzake wa Songea akachoshwa na kimya, na hakuna aliyeweza kumwambia mwingine hali ilivyo hasa.

Ni yule wa Songea aliyependekeza jambo. Tasnifu ya binti huyu ilihusu *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka wa 1969 kuhusu vita vya Maji Maji, na baadhi ya makala aliyoyahitaji yalikuwa kwenye karatasi tu, ndani ya maktaba. Picha za kurasa hazikumfaa, kwani kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka na herufi ndogo hazikusomeka. Basi mwenzake akawa anayasoma kwa sauti, anayarekodi na kumtumia. Usiku binti alikwenda chini ya mwembe mlimani, palipo na mtandao, akasikiliza na kunakili kwa mkono, kurasa nne au tano kila siku.

Msomaji yule hakuwa mwanafasihi; alisomea uhasibu. Hata hivyo hakuweza kusoma bila kutia neno. Aliposoma kuhusu watu wanaomtaka Kinjeketile awahakikishie kuwa maji yatawakinga na risasi, naye mwenyewe ana shaka, alisita. "Dada, kwetu kila Februari tunawakumbuka walionyongwa na Wajerumani 1906," alisema. "Nilikuwa nadhani wote walikuwa na hakika." Kisha akaendelea na ukurasa uliofuata. Sentensi hiyo ilimkaa binti kichwani, na kutokana nayo akaiandika upya sura yake ya tatu, ambayo awali ilimchora shujaa asiyetetereka.

Agosti Kenya ilifungua anga, lakini Tanzania haikuwemo katika orodha ya nchi zilizoruhusiwa, nayo ikazizuia ndege za Kenya. Mzozo ulitatuliwa katikati ya Septemba. Mamake aliuza mtamba wake wa pekee ili nauli ya ndege ipatikane, na hakuna aliyejua kama njia itafungwa tena juma litakalofuata. Binti aliondoka Oktoba.

Siku saba za kwanza Mlimani alizitumia maktabani akilinganisha madondoo yake na kurasa zenyewe. Nambari 11 za kurasa zilikuwa na makosa, kwani msomaji wake alikuwa akizikisia mwanga ulipopungua. Jioni alimwonyesha orodha. Yule wa Songea alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaomba kalamu nyekundu ili wazisahihishe pamoja.