Kivuli cha Lori

Kandambili ndiyo iliyomfichua kijana. Mama yake, alipokuwa akipanga viatu vya watoto mlangoni jioni moja, aliona kwamba kisigino cha ndara ya kuume kimelika hata kubaki kama karatasi, ilhali ya kushoto ilikuwa nzima. Mwanamke huyo amezaliwa na kulelewa Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi wa magari mjini Bujumbura, wala hakuhitaji kuelezwa. Mtu hutembea kwa miguu miwili. Anayemaliza soli ya mguu mmoja ni yule azuiaye baiskeli kwa kukanyaga gurudumu.

"Baba Watoto," alimwambia mumewe baada ya chakula, kwa sauti ya chini, "mwanao anateremka Bugarama."

Aijuaye Barabara ya Taifa Namba 1 ataelewa kwa nini mzee yule alikiweka kikombe chini. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bujumbura, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, haifiki mita 800. Kati yake ni takribani kilomita 35 za kona na makorongo. Vijana wa vilimani huteremka njia hiyo kwa baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, kisha hurudi juu wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori. Askari wa barabarani huwakemea na kuwabandua. Kona ya pili wameshika lori jingine. Hao, angalau, husukumwa na tumbo. Lakini huyu wa Buyenzi alikuwa mwanagenzi wa gereji, mwenye miaka 18, hana hata kole moja la ndizi la kuuza. Alikuwa na simu ya mkononi tu.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na Daytona. Ni uwanja wa mbio za magari huko Florida, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1959. Njia yake ni duara refu la kilomita 4, na konani lami imeinuliwa kwa nyuzi 31, mithili ya ukuta ulioegemezwa. Magari yanayoshindana humo yana umbo la magari ya kawaida ya barabarani, ingawa taa zake za mbele ni picha zilizobandikwa tu. Kijana alikuwa akitazama kila usiku, na aliyempenda kupita wote ni Bubba Wallace, dereva mweusi aliyeshinda katika uwanja wa Talladega, Alabama, mwezi Oktoba 2021.

Alipoitwa na baba yake hakukana. Alieleza, tena kwa ufasaha wa fundi, kwamba gari la mbele huipasua hewa na kuacha uwazi nyuma yake. Gari linaloingia katika uwazi huo huvutwa, likaenda kasi kwa nguvu kidogo. Junior Johnson aliigundua siri hiyo mwaka 1960, akashinda Daytona kwa gari lililokuwa zito wa mwendo kuliko ya wenzake. "Na baiskeli nyuma ya lori ni vivyo hivyo, Baba. Upepo haukuoni."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa maana mjinga huogopa upesi kuliko mwenye nusu ya elimu. Nusu nyingine ni hii. Mwaka 1987 gari la Bobby Allison lilipasukwa na gurudumu huko Talladega, likaruka na kurarua uzio, watazamaji kadhaa wakajeruhiwa. Mwaka huo huo Bill Elliott alikuwa amefikia kilomita 342 kwa saa. Tangu 1988 magari yakafungwa bamba la matundu chini ya kabureta ili injini zipumue kwa shida. Na hata hivyo, tarehe 18 Februari 2001, Dale Earnhardt aligonga ukuta katika mzunguko wa mwisho wa Daytona akafa, akiwa bingwa mara saba. Ndipo vikaja vizuizi vya kulinda shingo na kuta zinazobonyea. Kule hakuna mbuzi wala shimo katika lami, na kila dereva ana mtu juu ya jukwaa anayemwambia kwa redio aliye nyuma yake.

Mzee hakuyasema hayo. Yeye alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na alimweleza mwanawe jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia. Miaka mingi iliyopita, akiteremka na shehena ya mfanyabiashara mmoja, ng'ombe alikatiza njia. Alikanyaga breki. Nyuma akasikia kishindo kidogo, akadhani ni jiwe. Aliposhuka aliona ndizi zimetapakaa barabarani, na mtoto wa watu.

"Sikumwona," alisema. "Hata leo sijui alinifuata tangu wapi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amekunja khanga mikononi. Hakuna aliyesema kitu, na usiku huo simu haikuwashwa.

Jumapili iliyofuata mzee alimwomba rafiki yake mmoja, dereva aliyekuwa akipandisha saruji, awachukue wote wawili. Kijana aliketishwa dirishani. Lori likapanda polepole, likinguruma, ziwa likazidi kudidimia chini yao. Walipokaribia Bugarama mzee alimwambia atazame katika kioo cha pembeni.

"Wako wangapi nyuma yetu?"

Kijana alitazama kioo cha upande wake, kisha akanyoosha shingo akatazama na cha dereva.

"Hakuna mtu, Baba."

Dereva alisimamisha lori mahali pa wazi. Kutoka nyuma ya bodi wakachomoza vijana wanne na baiskeli zao, wakijifuta vumbi la saruji usoni. Mdogo wao hakuzidi miaka 14, na baiskeli yake haikuwa na breki hata moja.

Kijana alishuka. Alimzunguka yule mdogo, akaishika baiskeli, akaigeuza magurudumu juu kando ya barabara. Kisha akamwomba dereva spana namba 10.