Pikipiki Yangu Naifungua Mwenyewe

Klipu ya pini ya pistoni ni kiwaya kilichokunjwa mfano wa herufi C, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Jumapili moja ya Septemba, nikiwa nimechuchumaa chini ya mwembe nyumbani kwangu Narung'ombe, niliichokonoa kwa ncha ya bisibisi, ikaruka, ikagonga ukingo wa injini, ti! Halafu kimya. Nilipapasa mchangani kwa kujiliwaza tu, maana nilishajua haikuwa huko. Ilikuwa imeingia ndani ya injini, kwenye krenki, kwa sababu sikuuziba mdomo kwa kitambaa. Kila spana boi wa wiki mbili hufundishwa kuuziba. Mimi niliona nachelewa.

Nieleze kwanza ilikuwaje nikaifungua. Mimi ni mkulima wa ufuta, mbaazi na korosho, kama wengi wa huku Ruangwa na jirani zetu wa Nachingwea. Pikipiki ni ya Kichina, cc 125, niliinunua mtumba msimu ambao bei ya ufuta mnadani ilitutendea wema. Kazi yake ni kupeleka magunia ghalani kwenye chama cha msingi, kunifikisha Ruangwa mjini, na usiku mwingine kubeba mgonjwa. Hapa hapa Narung'ombe, Julai 1917, Waingereza na Wajerumani walipigania visima vya maji, na shehena zao nyingi zilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Pikipiki ikifa, gunia langu nalo linarudi kichwani. Gereji ziko mjini, sisi tuna miembe. Kuipeleka kwa fundi ni kuomba nafasi kwenye Fuso, kulala kwa ndugu, na kurudi siku mbili baadaye ukute palizi imekushinda. Kwa hiyo spana sikuishika kwa mapenzi. Nilipiga hesabu.

Kosa langu la kwanza lilitoka kijiweni. Waliniambia, toa sponji ya filta ya hewa, chombo kitapata pumzi. Kweli kilipata, kwa wiki chache. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga wa muhogo, na pasipo sponji yenye oili ya kulinasa lilipita moja kwa moja kwenye kabureta hadi kwenye silinda, likakutana na oili, likawa msasa. Likala ringi. Likala na ukuta wa silinda. Asubuhi nikipiga kiki, moshi wa buluu unatanda uwanja mzima na kuku wanakimbia. Moshi mweusi usikutishe sana, ni petroli nyingi, kaangalie kabureta. Mweupe unaokwisha baada ya dakika mbili ni unyevunyevu tu. Wa buluu ni oili inayoungua, na hapo mwenye chombo ajiandae kutoa fedha.

Nikanunua ringi. Kasha lilikuwa na nembo inayong'aa na maandishi ya kutosha kujaza gazeti. Nikafungua injini, nikafunga, nikapiga kiki. Moshi uleule. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi bei ya hizo ringi, na Jumapili nzima ikapotea hivyo.

Fundi mmoja mzee wa Nachingwea ndiye aliyenifumbua macho. Alichukua ringi moja peke yake, akaiingiza ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, kisha akaitisha nyembe. Zile za kunyolea, za pande mbili. Wembe mmoja una unene wa milimita 0.1, na ringi mpya ya injini ndogo kama hii inatakiwa iache mwanya wa kati ya 0.1 na 0.3 hivi baina ya ncha zake. "Mmoja upite, tatu ziingie kwa shida, nne zikatae," alisema. Kwangu ziliingia sita na bado zikacheza. Nikaruka kusema silinda imekwisha. Hakunijibu. Akaisukuma ringi hadi chini kabisa, mahali ambapo pistoni haiifikishi na ukuta haujaliwa. Huko nako nyembe sita. Silinda ilikuwa na makosa yake, lakini ringi ilizaliwa ndogo.

Tangu siku hiyo wembe na kipande cha msumeno wa chuma havikosekani kwenye mfuko wangu wa spana. Msumeno una unene wa kama milimita 0.6, ndio mwanya wa plagi. Wembe ni wa valvu pia: kitabu kinataka 0.08, kwa hiyo naacha wembe upite kwa kukwaruza, siuachi uteleze. Injini hizi ni wajukuu wa Honda CG125, iliyotoka miaka ya 1970, ikatengenezwa kwa kuwafikiria watu wa nchi kama zetu, wanaobadilisha oili siku wakikumbuka. Valvu zake zinasukumwa na fimbo mbili za chuma, hakuna cheni ndefu ya kulegea wala kukatika huko juu. Wachina waliiga kitu chenye subira. Mwenye spana za namba 8 hadi 17, bisibisi ya nyota na mkeka wa kupanga nati anafika mbali sana ndani yake.

Anaweza pia kuangusha klipu. Basi safari hii nilikuwa nimenunua silinda, pistoni na ringi zake, nyembe zimepita dukani mbele ya muuzaji (hakufurahi), na nilikuwa nimebakiza kidogo tu nifunge. Nilivunja sumaku ya spika la redio iliyokufa, nikafunga kipande kwenye waya wa breki ya baiskeli, nikakishusha ndani kama mvuvi. Kikang'ang'ania krenki. Nikikibandua, kinashika upande wa pili wa krenki hiyohiyo. Krenki yote ni chuma, na sumaku haijui klipu ni ipi.

Mjomba akanikuta hapo, jua la saa nane.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepoteza nini humo?"

"Klipu."

"Na wakati unafungua uliziba?"

Sikujibu. Akavuta kigoda. Mjomba kwetu Wamwera hafukuzwi, hata akija kukucheka. Baba yake alikuwa spana boi Nachingwea enzi za Karanga, ule mradi wa Waingereza ulioanza 1947, wakaleta matrekta yaliyobaki vitani na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Ardhi na visiki vikayashinda, spea zikawa shida, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Reli ya kutoka Mtwara ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Masimulizi haya nimeyasikia mara nyingi, na kila mara yanaishia kwenye bolti fulani kubwa ambayo baba yake alikwenda nayo nyumbani. Lakini siku hiyo yaliishia pengine. "Wao wakishindwa kuona kitu," alisema, "walikitoa chote nje."

Tukatoa injini nzima kwenye fremu. Tukaibinua, yeye ameshika huku, mimi kule, tukaitikisa kama watoto wanaotafuta shilingi kwenye kibubu. Mara ya kwanza, matone ya oili. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu zikadondoka kwenye mkeka klipu mbili.

Moja ilikuwa yangu, inang'aa. Ya pili nyeusi, imepinda, imekaa kwenye oili miaka nisiyoijua. Kabla yangu kulikuwa na mtu aliyedondosha klipu humo, akatazama kushoto na kulia, akafunga injini, akapokea ujira wake. Nilimkasirikia mtu nisiyemjua hadi jioni. Kisha nikakiri kwamba na mimi, kama ile pikipiki ingekuwa ya mtu mwingine na jua linazama, sina hakika ningeifungua yote. Nilichokipenda katika kazi hii nilikijua siku hiyo: chombo chako huwezi kukifungia uongo, maana ni wewe utakayekipanda kesho.

Karaha hazijaisha. Mashati yangu matatu yameharibika kwa oili na mke wangu ameacha kuyafua, ananikabidhi sabuni. Uzi wa plagi ulikufa kwa kuikaza kwa hasira, nikalazimika kwenda mjini kuwekewa uzi mpya. Kifuniko cha valvu kinavuja tone moja kwa usiku. Majirani nao wanaleta zao Jumapili, wanalipa kwa mbaazi, na wengine wanalipa kwa kunisifu.

Lakini kuna usiku mmoja nilikuwa natoka Ruangwa na mfuko wa mbolea nyuma, pikipiki ikaanza kumisi, ikazima porini. Nikatoa plagi, nimebana simu kwa meno kupata mwanga. Ilikuwa na masizi na mwanya umejifunga. Nikaisugua kwa mswaki na petroli kidogo, nikapima kwa kipande cha msumeno, nikairudisha. Kiki moja ikawaka. Mwaka mmoja kabla ningelala pale.

Wewe unayekwenda kununua ya mtumba msimu huu, kabla hujataja bei, omba oili imwagwe kwenye beseni safi, upitishe sumaku humo taratibu. Mwenye nayo akikataa, rudi nyumbani na fedha zako.