Ufunguo wa kigeni: barua kutoka Yokosuka

Wengi mmeniuliza nimepotelea wapi. Sijapotea. Tangu Machi 2025 makao yangu ni Yokosuka, mji wa bandari kusini mwa Tokyo, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni. Sikuja kusoma wala sikuletwa na kampuni ya programu. Nimemfuata mke wangu, ambaye ni baharia katika Jeshi la Majini la Marekani. Alipangiwa huku, nami nikafunga virago.

Mjomba wangu wa Machakos alipopata habari alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Kyalo, kumbe umeolewa!" Kiswahili hakina huruma katika jambo hili. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na anayefungasha mizigo kumfuata mwenzake ndiye aliyeolewa. Nikamjibu, "Ndiyo mjomba, na mahari yangu bado hamjaletewa." Tukacheka wote, lakini usiku neno lile lilinirudia mara kadhaa.

Kwa wanaojiuliza Mkenya anaingiaje katika jeshi la Marekani: mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, ile grini kadi, anaruhusiwa kujiunga hata kabla ya kupata uraia. Mke wangu alikwenda kwa bahati nasibu ya viza, akavaa sare, akaapa kuwa raia. Mimi ningali na pasipoti ya Kenya. Yokosuka yenyewe imezoea meli za vita. Karakana yake ilianza kujengwa mwaka 1865 chini ya mhandisi Mfaransa aitwaye Léonce Verny, Wamarekani wakaingia mwaka 1945 baada ya vita, na tangu 1973 hapa ndipo nyumbani kwa manowari yao ya kubeba ndege iliyo mbali na kwao. Bustani ya Verny iko ng'ambo tu ya maji kutoka kambini. Ukiketi pale jioni unaziona meli za kijivu kama unavyoona matatu stejini.

Sasa nije kwenye mambo yetu ya tarakilishi.

Kila mwenza wa askari ana kitambulisho, na mimi humo nimeandikwa kuwa ni tegemezi. Waliosoma hifadhidata watanielewa haraka. Fikiria jedwali la watu. Mke wangu ana mstari wake na namba yake, unasimama wenyewe. Mimi pia nina mstari, lakini hauna maana mpaka uoanishwe na namba yake. Hii katika somo letu huitwa ufunguo wa kigeni. Nikienda hospitali ya kambini swali la kwanza ni, "Namba ya mdhamini wako?" Kwetu mdhamini ni mtu anayekutoa polisi au anayekuwekea sahihi ya mkopo. Hapa ni mke wangu. Na kama mjuavyo, mstari wa mzazi ukifutwa, mistari inayouning'inia inaweza kufutika yenyewe. Akihamishwa, nimehama.

Silalamiki juu ya usanifu huo. Ningepewa kazi ya kuubuni, labda ningeubuni vivyo hivyo. Ila ni jambo moja kuchora mshale kati ya majedwali mawili ubaoni, na jambo jingine kabisa kuwa wewe ndiye uliye upande wa mshale.

Upande wa Wajapani mambo ni kinyume. Mkataba wa mwaka 1960 kati ya Japani na Marekani kuhusu hali ya majeshi, unaojulikana kwa kifupi SOFA, unatuondoa katika sheria ya kuandikisha wageni. Ukisikia hivyo unadhani ni upendeleo. Lakini Japani ni nchi inayoendeshwa kwa kuandikishwa! Tangu 2012 mgeni wa kawaida hupewa kadi ya ukaazi, jina lake huingia katika daftari la wakaazi la mji, na tangu 2015 kila mkaazi hupewa namba ya tarakimu 12. Mimi sina kadi, simo daftarini, namba sina. Nina muhuri tu katika pasipoti. Siku ya kutafuta laini ya simu, kijana wa duka aliniomba kadi ya ukaazi kwa adabu, nikamwonyesha muhuri, akainama, akaenda kumwita mkubwa wake, naye akainama, akapiga simu mahali. Laini niliipata, baada ya saa mbili hivi.

Jina ndilo lililonifurahisha zaidi. Wajapani huandika majina ya kigeni kwa katakana, mwandiko ambao kila herufi ni silabi: ka, ri, bu. Sisi tumezaliwa humo. "Karibu" na "safari" zinaingia bila kupoteza kitu, huku mwenzangu wa darasani aitwaye Smith akigeuzwa Sumisu. Nilicheka mapema mno. Silabi "tu" ya Kiswahili Wajapani kwa asili huitamka "tsu", kwa hiyo Mutua, jina la baba yangu, liliandikwa Mutsua. Ipo njia ya kisasa ya kuandika "tu" kwa kuongeza herufi ndogo pembeni. Sauti ya "l" hawana, wana ya "r", na wasomaji Wakikuyu nadhani watajisikia nyumbani. Sisi Wakamba tumezoea kinyume chake, kila "r" kuigeuza "l". Kwa hiyo Kyalo, jina ambalo kwetu maana yake ni safari, likawa Kyaro.

Kisha zikaja fomu za mtandaoni. Fomu ya Kijapani hutaka jina mara mbili, mwandiko wa kawaida na matamshi yake kwa katakana. Nyingine zinataka katakana pana, nyingine zinataka nyembamba. Nyembamba ni masalio ya mwaka 1969, wakati walipowekwa viwango vya kutosheza kila herufi katika baiti moja. Mifumo mingi ya kutuma pesa kati ya benki bado inaitumia, na mara nyingi herufi zile ndogo haizitaki, inazikuza. Herufi ndogo ndizo zinazobeba jina langu! Kwa hiyo benki Kyaro anakuwa Kiyaro, na Mutua anakuwa Mutoua. Kampuni moja ya gesi iliikataa fomu yangu mara nne, kila mara kwa sentensi moja nyekundu ambayo nilibandika kwenye kitafsiri nikaambiwa, "Tafadhali ingiza jina lako sahihi."

Nimeona pia kitu nilichokisoma chuoni bila kukiamini. Katika kompyuta nyingi za hapa alama ya mkwaju wa kinyume huonekana kama alama ya yeni, kwa sababu viwango vile vya zamani viliichukua nafasi yake. Njia ya faili inasomeka kama bei ya nyanya. Na maandishi yakivurugika kwa kufunguliwa kwa usimbaji usio wake, wana neno lake: mojibake, herufi zilizogeuka, kutoka shina lile lile linalotoa neno la mzimu. Nimewapenda kwa hilo.

Barabarani, nikiri, sisi tuna nafuu kuliko Wamarekani. Gari linapita kushoto, usukani uko kulia, na magari yote unayajua kutoka Ngong Road. Mnakumbuka ile sauti ya mwanamke ndani ya magari yetu ya mitumba, anayesema maneno marefu kila ukiwasha injini? Nairobi nzima tumemsikiliza miaka yote bila kujua anataka nini. Sasa nimejua. Anakuarifu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Maskini, amekuwa akiikumbusha Kenya kadi isiyokuwapo.

Lakini kazi... hapo ndipo panaponiuma. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia Virginia ilinipungia mkono nilipohama. Mhasibu wao hakutaka kusikia habari za mshahara unaomfuata mtu Japani. Hali ya SOFA si kibali cha kufanya kazi katika soko la Wajapani. Nafasi nyingi za serikali kambini zinataka uraia, ambao sijaupata. Rafiki zangu wa Nairobi wana kazi ndogo ya kunipa kwa mbali, tena tofauti ya saa ni sita tu na haibadiliki mwaka mzima, lakini kabla ya kugusa hata senti moja ni lazima niulize ofisi ya sheria ya kambi kuhusu kodi na ruhusa. Niliuliza. Wakataka karatasi. Nikapeleka. Bado nasubiri. Nina shahada na miaka mitano ya kuandika programu, na kuna wiki ambazo jambo kubwa nililolifanya ni kukunja nguo. Mke wangu huniambia, "Pumzika, mpenzi, utazikumbuka siku hizi." Yeye huamka saa kumi alfajiri. Unamwambiaje mtu kama huyo kwamba kupumzika kunakuchosha?

Kisha meli ikatoka. Lini na kwenda wapi sitasema, hilo ni sharti la kwanza wanalotufundisha sisi tunaobaki. Barua pepe huja, hukatika siku kadhaa bila maelezo, huja tena.

Asubuhi ya 30 Julai 2025 nilikuwa peke yangu nyumbani. Tunaishi nje ya kambi, juu ya mojawapo ya vilima vya Yokosuka ambako hakuna barabara ya gari, ni ngazi tu. Tetemeko kubwa la kipimo cha 8.8 lilikuwa limepiga karibu na Kamchatka, Urusi, mbali kiasi kwamba kwetu hata kikombe hakikutikisika. Simu yangu ikalia mlio ambao sijawahi kuusikia, na vipaza sauti vya mtaa vikaanza. Nilizitambua herufi mbili tu, zile za bandari na wimbi. Zikisomwa pamoja ni tsunami. Waliokuwa pwani yetu tarehe 26 Desemba 2004 hawahitaji kuelezwa.

Nikafikiria kitu kimoja cha kipuuzi, kama anavyofikiri mwandika programu: wameipataje namba yangu? Hawakuipata. Onyo kama hilo halitumwi kama ujumbe wa kawaida kwenda namba moja moja, maana mtandao ungezidiwa. Mnara hutangaza mara moja, kama redio, na kila simu iliyo ndani ya eneo lake hupokea. Haiangalii wewe ni nani. Kwa miezi minne kila mfumo niliougusa uliniuliza kadi au mdhamini, na huu haukuniuliza kitu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi jirani, mwenye umri wa kama miaka 80, kofia kichwani na begi mgongoni, lile ambalo kila nyumba hapa huliweka tayari. "Kyaro-san! Ue, ue!" Juu, juu. Tulikuwa tayari juu, lakini hakutaka ubishi. Nikamtwika begi lake mgongoni mwangu, tukapanda ngazi hadi kwenye uwanja wa kilele, ambako majirani walikuwa wamekwisha kaa kivulini wakisikiliza redio. Joto lilikuwa la Garissa. Mtu akanipa chai baridi. Bibi akawatambulisha wote kwangu mmoja mmoja, nami kwao, na sikuelewa isipokuwa jina langu, ambalo alilisema mara nyingi.

Maonyo yalizungumzia mawimbi ya hadi mita 3. Wimbi la juu kabisa lililopimwa Japani siku hiyo lilikuwa la mita 1.3, huko Kuji, kaskazini, na tahadhari ya mwisho iliondolewa kesho yake. Barua ya mke wangu ilifika siku mbili baadaye, mstari mmoja: "Uko sawa? Niambie ulikula nini." Nilimjibu kwa kurasa tatu.

Wiki hiyo nikaketi kuandika msimbo, bila malipo, kwa hiyo hakuna ofisi ya kuomba ruhusa. Ni ukurasa mdogo wa wavuti. Unaingiza jina la Kiswahili au la Kibantu, unakupa katakana yake pana, nyembamba, na ile itakayokubaliwa na benki. Nimeshughulikia "mw" na "ny" na "ng'", na "tu" na "ti" pia, maana hizo zina kisasi changu binafsi. Baharia mmoja mwenye asili ya Uganda aliutumia kabla hata sijaumaliza, akajaza fomu ya umeme, ikapita mara ya kwanza. Akaniletea kilo mbili za unga wa mahindi kutoka duka la Waafrika la Tokyo. Huo ndio mshahara wangu wa kwanza Japani, kama ofisi ya sheria inanisoma.

Yeye pia ndiye aliyeniachia tatizo lililobaki. Majina ya Kiganda yanayoanza na "Ss" yananishinda. Katakana ina alama ya kukaza konsonanti, lakini kwa kawaida haiwekwi mwanzoni mwa neno, na nikiiweka fomu nyingi zinaikataa. Kwa sasa naitupa "s" ya kwanza, na mwenye jina ananinunia. Mwenye wazo bora aniandikie. Nawaacha sasa, leo ni zamu ya chupa na mikebe na bibi jirani amekwisha nitangulia nje.