Jinsi skripti yangu ilivyoshindwa na duka la Biliqo

Niliahidi kuendelea na mfululizo wa hifadhidata na nitauendeleza, lakini leo nina kisa ambacho nimekaa nacho tangu Desemba 2022. Mwenyewe ameniruhusu kukiandika kwa sharti moja tu, nisitaje jina lake. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya msimbo peke yake, upo kidogo huko katikati. Si mwingi, na haukufanya kazi vizuri.

Desemba ikikaribia, waandishi wa programu huingiwa na wazimu fulani wa kuhesabu siku. Watu wa Perl walianza kalenda yao mwaka 2000, kijimakala kimoja kila siku hadi Krismasi. Watengeneza tovuti wakapata yao mwaka 2005, ile iliyoitwa 24 ways. Halafu mwaka 2015 Eric Wastl akaanzisha Advent of Code, fumbo jipya kila siku, na tangu hapo Desemba yangu huwa imeharibika. Chanzo cha haya yote ni kalenda za Majilio za Wajerumani. Majilio yenyewe huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kwa hiyo tarehe huhamahama, lakini wachapaji wa kalenda waliamua kurahisisha: anza tarehe 1, weka vidirisha 24, basi. Gerhard Lang, mmoja wa waliozichapisha mwanzo kule Munich, inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimbandikia peremende 24 kwenye karatasi ngumu ili aache kumsumbua akiuliza Krismasi ni lini.

Sasa tutoke Munich twende Biliqo.

Rafiki yangu nilikutana naye kidato cha kwanza, shule ya bweni mjini Isiolo. Mimi ni wa Meru, yeye ni Mborana wa Biliqo, kaskazini mwa kaunti, upande wa Merti. Ukitoka Isiolo lami hukuacha njiani, kinachobaki ni vumbi, mawe na migunga, na ukibahatika utafika siku hiyohiyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kufungua kitu chenye skrubu bila kuogopa. Redio ya mwalimu wa bweni ilipokufa, aliifungua kwa kisu cha mezani, akaifufua, na kuanzia siku hiyo hatukuchapwa kwa kuchelewa kulala. Ukiniuliza nani kati yetu alistahili kuwa fundi wa kompyuta, nitakujibu bila kusita kuwa ni yeye. Lakini baba yake alifariki, akarudi nyumbani, maana mifugo haingojei mtu amalize diploma.

Mvua za hagaya, zile za mwisho wa mwaka, zilikosa kunyesha vya kutosha mwaka 2020. Ganna ya 2021 nayo vivyo hivyo. Kisha hagaya ya 2021, ganna ya 2022, hagaya ya 2022. Misimu mitano kwa mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na hadi ulipokwisha Kenya ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Rafiki yangu alikuwa na ng'ombe 37. Nilipompigia Novemba 2022 walikuwa wamebaki wanne.

Waborana wana mpango wao wa kale unaoitwa buusaa gonofaa. Mtu akifilisika kwa ukame au kwa kuporwa, ukoo hukaa ukachanga wanyama ili aanze upya. Hiyo si sadaka. Ni haki yake, na kesho ataitwa yeye kuchangia mwingine. Kuna pia dabare, ambapo unapewa ng'ombe wa maziwa umtunze na unywe maziwa, ingawa si wako. Ni mpango mzuri kuliko bima nyingi nilizowahi kulipia. Tatizo ni kwamba ukame ule haukuchagua. Ukoo mzima ulifilisika kwa pamoja, na waliopaswa kuchanga walikuwa wakihesabu mizoga yao. Sisi wa kompyuta tunalijua kosa hili: una nakala tatu za data, zote ziko kwenye diski moja. (Bima ya kisasa ipo. Watafiti wa ILRI walianza nayo Marsabit Januari 2010, setilaiti inapima ukijani wa malisho kutoka angani na mfugaji analipwa malisho yakikauka. Nitaiandikia siku nyingine kwa sababu hesabu zake ni tamu. Rafiki yangu hakuwa nayo.)

Siku ile ya Novemba aliniambia neno moja ambalo lilinikosesha usingizi mimi: "Siku hizi silali, lakini pia siamki." Hatoki, haendi kisimani ila usiku, hapokei simu. Yangu aliipokea kwa bahati mbaya, alidhani ni ya mnunuzi wa ngozi.

Nikafanya anachofanya kila mtu wa Nairobi mwenye hatia. Nilituma shilingi 2,000 kwa M-Pesa. Dakika kumi baadaye zilirudi zote, na ujumbe: "Ndugu yangu, asante. Bado sijawa mtu wa kusaidiwa kwa simu."

Nilikasirika kidogo, nikiri. Baadaye nikaelewa. Ng'ombe wa ukoo angempokea kichwa juu. Pesa za rafiki wa shule, zimetumwa akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka mjini, zilikuwa zinamwambia yeye ni nani sasa.

Basi ikanijia ile kalenda. Kitu kidogo mno kiasi kwamba huwezi kukirudisha bila kuonekana mjinga, kila siku, siku 24, na asijue kinatoka wapi. Shilingi 50 kwa siku ni shilingi 1,200 kwa jumla, pungufu ya zile alizokataa. M-Pesa haikufaa maana ujumbe wake hutaja jina la aliyetuma. Lakini kuna kampuni zinazowauzia waandishi wa programu njia ya kutuma krediti ya simu moja kwa moja kutoka kwenye seva, na hapo jina langu halionekani. Nikaandika skripti ya Python, mistari 40 hivi, pamoja na faili la kumbukumbu ili isitume mara mbili, na kroni ya kuiamsha:

0 7 * * *

Yaani kila siku saa moja asubuhi. Tarehe 1 ikatuma. Tarehe 2 ikatuma. Nikajiona bingwa. Tarehe 3 jioni simu ikalia, ni yeye! Kwa wiki tatu hakuwa amenipigia.

"Wewe si mtu wa kompyuta? Hebu nisaidie. Kuna tapeli ananiandama."

Nikamuuliza tapeli wa namna gani.

"Ananitumia krediti ya hamsini kila siku. Anataka nizoee, kisha atapiga aseme ametuma kimakosa nirudishe elfu tano. Sijaigusa hata senti."

Nikajaribu kumtuliza, labda ni mtu mwema tu.

"Mtu mwema gani anatuma saa moja kamili siku tatu? Binadamu huchelewa japo dakika mbili. Hiyo ni mashine."

Nilikata simu nikacheka mpaka nikatokwa machozi, halafu nikazima kroni. Fundi ni fundi. (Kwa wanaojifunza: ongezeni dakika za kubahatisha kwenye skripti zenu. Ni mstari mmoja :-)

Hapo ndipo alipoingia mwenye duka. Kuna mama mmoja ana duka pale Biliqo, nami namba yake niliipata kwa dereva wa lori la mifugo. Nikampigia, nikajieleza kwa heshima zote, nikamwambia nitamtumia 1,050 za siku 21 zilizobaki, pamoja na 200 yake ya usumbufu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu: yeye anapaswa kumwambia nini? Nikasema, mwambie kuna mtu ameacha. Akasema sawa, sadaka ya siri ndiyo bora, hapo sina shida. Ile 200 akasema ataiingiza kwenye hesabu.

Ningeweza kumsomea orodha nzima palepale kwenye simu na kazi ikaisha. Lakini mimi ni mwandishi wa programu. Nikabadilisha skripti imtumie yeye ujumbe mfupi kila asubuhi: leo majani ya chai, leo sukari robo, leo betri mbili, leo mswaki. Mama aliusoma ule wa mswaki akanipigia. "Mwanangu, mswaki wa duka? Huku miti ya mswaki imejaa." Nikamwambia, mama, mpe tu, ni zawadi. Akanyamaza kama mtu anayevumilia.

Siku mbili baadaye mtandao ukapotea upande ule. Siku nne nzima ripoti za kufika zikawa tupu, nami nikiwa Nairobi nikirekebisha msimbo ambao haukuwa na kosa lolote. Mtandao uliporudi, ujumbe wote minne ukamfikia mama kwa mpigo. Nikampigia nikitaka kuomba radhi kwa zile siku zilizopotea.

"Zimepotea wapi?" akasema. "Nilimpa. Nilidhani wewe umelala."

Alikuwa amempa alichoona kinafaa. Siku moja mafuta ya taa, siku nyingine tambi, siku nyingine hakumpa kitu ila alimwagizia chai ya maziwa akanywa palepale. Nikamuuliza kwa nini anywee dukani, si angeenda nayo nyumbani. Akanieleza jambo ambalo skripti yangu haikuwa nalo hata kwenye orodha ya mambo ya baadaye: siku ya kwanza alimtuma mtoto ampelekee majani ya chai, siku ya pili akakataa kutuma mtu. Anayetaka zawadi yake aje aichukue mwenyewe. Basi akawa anakuja. Mwanzo anachukua na kuondoka. Kisha anaketi kidogo kwenye benchi, maana kukataa kiti cha mama ni utovu wa adabu. Kisha wenzake nao wakaanza kukaa wakisubiri kuona leo ameachiwa nini, na kubishana nani anayeacha. Wengine walisema ni mdeni wa marehemu baba yake, wengine ni mwanasiasa, na mzee mmoja alishikilia kuwa ni mwanamke.

Siku ya betri alirudi jioni na redio. Ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia. Akaifungua pale benchini mbele ya watu, na kesho yake wakaja wawili na redio zao.

Jioni ya tarehe 24 nilizima skripti kwa mara ya mwisho. Siku chache baadaye ikaingia M-Pesa ya shilingi 90 kutoka kwa mama, chenji yangu, na kijana wake akanitumia picha ya ukurasa wa daftari. Ni ukurasa nilioutazama mara nyingi kuliko msimbo wowote niliowahi kuandika. Tarehe, kitu, bei, na pembeni maneno machache. Tarehe 11, "hakuja, nilikwenda mimi." Tarehe 17, sukari, "amempa jirani mjane." Tarehe 20, "amecheka." Na chini kabisa, ingawa mkataba wetu uliishia siku iliyotangulia: "25. Hakuna kitu. Amekuja."

Mvua zilirudi Machi 2023. Sitaki mdhani zawadi za hamsini zilimrudishia mtu ng'ombe 33. Kilichomrudisha kwenye ufugaji ni binamu wa baba yake ambaye mifugo yake ilinusurika kidogo, akampa mtamba mmoja kwa dabare, na akampokea vilevile kama nilivyosema, kichwa juu. Redio anatengeneza hadi leo, siku hizi na simu za mulika mwizi pia.

Nilikaa na siri yangu hadi katikati ya mwaka 2023. Siku moja tunazungumza mambo mengine kabisa, nikashindwa kuvumilia, nikaanza kuzunguka: kwani ile Desemba, uliwahi kujua ni nani aliyekuwa akiacha vitu dukani?

"Najua tangu siku ya mswaki," akasema. "Nani mwingine angenunulia mtu mswaki wa duka Biliqo?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningelazimika kurudisha."

Tukanyamaza wote wawili, krediti yangu ikiendelea kuliwa.

"Na mswaki wenyewe uliufanyia nini?"

"Ninao. Nasafishia redio."