Maji ya Mtungini

Kwa miaka mingi nilifundisha somo la vijidudu kwa chaki peke yake, na chaki, msomaji wangu, humchora bakteria akawa mkubwa kama kiazi.

Mwaka 1997 kipindupindu kilipoingia kwetu, niliona wazi kwamba watoto wa darasa la tano hawaniamini. Wangeaminije? Maji anayojionea mtu uso wake yatakuwaje na kitu cha kuua? Basi nikaazima hadubini ya zahanati. Nikabandua utando mwembamba wa kitunguu, nikautia tone la iodini, wakapanga mstari. Wa kwanza alipochungulia alipiga kelele: "Mwalimu, matofali!"

Naam, matofali, na kila tofali ni seli, ina ukuta wake na kiini chake kama nukta. Nikawaeleza kwamba kitunguu kimejengwa kwa seli nyingi mno, lakini bakteria wa kipindupindu ni seli moja tu, haina hata kiini, nayo inajitegemea: inakula, inakua, inajigawa zikawa mbili. Ukiwapanga bakteria 500 kwa urefu, watafika kama milimita moja. Wakatoa rula zao, wakaitazama ile milimita kimya. Siku hiyo nilijiona mwalimu hasa.

Mchana jua lilikuwa kali. Nikaingia ofisini, nikachota kata ya maji mtungini, nikanywa. Yalikuwa ya kisimani, hayajaona moto. Sisi walimu tulikuwa tukisema kuni hakuna. Nilipoitua kata nikamwona binti mmoja mlangoni, amebeba madaftari ya wenzake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Hayo maji yamechemshwa?"

"Yamechemshwa," nikasema.

Hakubisha. Aliyaweka madaftari mezani, akayatupia jicho mafiga yetu pale nje, yasiyokuwa na hata majivu, akaenda zake.

Siku tano nililisikilizia tumbo langu. Halikuniuma. Lakini nilijua, kwani nilikuwa nikiwafundisha, kwamba wengi wanaomeza bakteria hao hawaugui, ila huwatoa chooni na kuwapelekea wengine. Na yule binti nyumbani kwao angesema nini: aliyofundisha mwalimu, au aliyoyaona?

Siku ya sita nikaja na sufuria na mzigo wa kuni. Nikawasha moto mbele ya dirisha la darasa lao. Binti akanitazama kidogo, kisha akaendelea kuandika.